Bi Mardhiya Anastaafu: Walio Wazima Waache Kuagana

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Dk. Mardhiya Talib Msellem anastaafu rasmi, baada ya kuutumikia utafiti wa tiba shufaa na maadili ya tiba hapa Pemba kwa miaka thelathini na miwili. Mimi, Fahmi Nassor wa takwimu, nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la kituo chetu. Nimeambiwa niandike ya kupendeza na nisiiguse habari ya kijiji cha Chokocho. Ya kupendeza nitayaandika. Chokocho nayo nitaiandika, maana bila Chokocho hamtamjua Bi Mardhiya.

Kwa wale wa uhasibu, ambao kila mwaka wanatuuliza tunafanya nini hasa: tiba shufaa ni kumtunza mtu ambaye maradhi yake hayaponi, apunguziwe maumivu, aishi siku zake kwa utulivu na aondoke kwa heshima. Ni kazi njema sana. Ina ila moja tu. Watu wakishajua kwamba ndiyo kazi yako, hawataki kukuona mlangoni kwao.

Bi Mardhiya ni mzaliwa wa Wete. Alianza kama muuguzi wa wodi ya wanawake, na huko ndiko alikoliona jambo ambalo halikumwacha tena. Daktari humwita mtoto wa mgonjwa kando. Mtoto humwita mjomba kando. Mjomba huuita ukoo mzima kando. Mgonjwa hubaki peke yake kitandani akijiuliza kwa nini leo amenunuliwa zabibu. Bi Mardhiya akaenda kusoma, akarudi na shahada ya udaktari wa falsafa na swali moja: habari ya ugonjwa ni ya nani? Jibu lake, baada ya kuzunguka kisiwa kizima, ni kwamba mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kujua. Sentensi hiyo imenukuliwa katika mikutano mingi ya ng'ambo na watu ambao hawajui kwamba ilianzia kwenye zabibu.

Yeye ndiye aliyefundisha wauguzi wetu wengi kutumia mofini ya kunywa. Alipoanza, watu waliamini kuwa ni dawa ya kumharakisha mtu. Alikwenda msikiti kwa msikiti pamoja na mashehe, akaeleza kwamba dawa ile haimpeleki mtu popote, inamwondolea maumivu tu, ili aweze kukaa, kula, kusali na kuzungumza na watu wake. Kisiwa Panza walimwelewa. Kojani walimwelewa pia, ingawa boti iliyompeleka Kojani ilikuwa haipati abiria mwengine siku hiyo. Watu walikuwa wakimwona amekaa mbele, wanakumbuka kwamba wana shughuli nyumbani.

Hapo sasa ndipo ilipo shida yenyewe. Kwetu, mtu akihisi safari yake imekaribia, hutaka radhi kwa mkewe, kwa ndugu zake, kwa majirani. Nao humtaka radhi yeye. Desturi nzuri mno. Lakini ukimwona nduguyo anakuja kukutaka radhi bila sababu, basi sababu ni wewe. Ndiyo maana familia nyingi hukataza radhi zisitajwe mbele ya mgonjwa, asije akajua, na mtu huondoka hajasameheana na yeyote. Bi Mardhiya aliipigania desturi hii irudi mahali pake, watu waagane wakiwa na nguvu ya kuagana. Amefanikiwa. Sasa kila alipopita, watu waliagana. Wagonjwa na wazima.

Gari letu jeupe lenye mlango uliobonyea likajulikana kisiwa kizima. Likisimama mahali, jirani wanaanza kuhesabu masufuria makubwa ya shughuli. Katika harusi ya mpwawe huko Wete, Bi Mardhiya aliingia na zawadi yake, na bibi wa bwana harusi, aliyekuwa akicheza dakika hiyo hiyo, akajilaza akaomba aelekezwe kibla. Hakuwa na lolote. Hata presha hakuwa nayo. Tangu siku hiyo mialiko ikaanza kumpita Bi Mardhiya kwa heshima kubwa. Anapelekewa sahani ya biriani nyumbani kwake, imefunikwa vizuri, na salamu nyingi.

Mumewe alishatangulia mbele ya haki na watoto wake wako Unguja. Siku moja tulikuwa tunakula muhogo ofisini, akaniambia bila kulalamika kwamba kuna kitu kimoja amekikosa. Anatamani aingie nyumba ya mtu, amiminiwe chai, na mwenye nyumba asimtazame usoni kutafuta khabari. Awe mgeni tu. Mie nikamwambia aje kwangu. Akaniuliza kama nimeshazungumza na mama mkwe wangu. Sikuwa nimezungumza naye, na nilipozungumza naye jibu lake halifai kuchapishwa katika jarida hili.

Kituo kilijaribu kumsaidia. Mkuu wetu wa wakati ule alishauri atabasamu zaidi. Akatabasamu. Ikawa mbaya zaidi, watu walisema ukimwona anacheka ujue ameshakata tamaa na wewe. Akashauriwa aende na sahani ya visheti. Wakasema anatoa sadaka kwa niaba ya marehemu mtarajiwa. Mie mwenyewe, kwa akili zangu za takwimu, nilipendekeza awe anatembelea nyumba za watu wasio wagonjwa ovyo ovyo, bila mpango, mpaka ziara yake isiwe na maana yoyote. Kamati ya Maadili ikakaa. Ikauliza kama ni halali kumtisha mtu mzima ambaye hajaridhia kutishwa. Kisha ikaingia katika mjadala wa kama kuamkiana ni utafiti. Iliamuliwa kwamba kusema hujambo ukiwa unapita kunaruhusiwa, lakini kusimama kungoja jibu ni ukusanyaji wa data. Bi Mardhiya, ambaye ndiye aliyeianzisha kamati hiyo, alikuwa mwenyekiti, na uamuzi ukamfunga yeye wa kwanza.

Nakuja Chokocho. Miaka mitatu nyuma, gari letu lilipata pancha kule. Wakati mimi natafuta jeki, Bi Mardhiya alikaa kwenye baraza ya nyumba ya karibu kuepuka jua. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mzee Jaribu, mkulima wa mikarafuu, mtu mwenye afya kama jiwe la kusagia, aliyekuwa ndani akichana nywele. Akachungulia. Akamwona. Hakumuuliza kitu, maana alijua kwamba Bi Mardhiya hasemi mpaka uulize, na yeye hakuwa tayari kuuliza.

Tairi lilipokuwa tayari, Mzee Jaribu alikuwa ameshatoa wasia. Baiskeli yake ameshampa jirani yake, Mzee Kificho. Ameshamwita kwa simu mwanawe, Talib, arudi kutoka Unguja kwa boti ya kwanza. Na ameshamtaka radhi mkewe, Bi Rahila, akamkiria kwamba tangu waoane hajawahi kuupenda mchuzi wake wa pweza, na kila alipousifu alikuwa akisema uongo. Bi Rahila akamsamehe, akalia, akambusu mkono. Bi Mardhiya aliingia ndani kueleza habari ya pancha, akamkuta mzee kavikwa kanzu nyeupe, amelala chali, mikono juu ya kifua, akiwa mwenye furaha kuliko mtu yeyote tuliyemwona siku ile.

Hakufa, bila shaka. Baiskeli haikurudi kwa sababu hakiombwi tena kitu ulichokitoa kwa nia ya akhera. Bi Rahila alimpikia pweza mwaka mzima. Lakini mzee hakumkasirikia Bi Mardhiya hata kidogo. Alikuwa akikutana naye sokoni Mkoani, anamwambia kwamba ile ndiyo siku pekee katika ndoa yake ambayo waliambiana ukweli tangu asubuhi hadi jioni, na amuombee pancha nyengine. Yeye ndiye mtu pekee nje ya ofisi yetu niliyemwona akimfurahia. Bi Mardhiya naye alimpenda. Nasema wazi kwa sababu ilionekana wazi.

Basi mwaka jana, baada ya msimu wa karafuu, Mzee Jaribu akaugua kweli. Ini. Daktari akamwita Talib kando, Talib akawaita wajomba kando, na Mzee Jaribu akanunuliwa zabibu. Aliambiwa ana vidonda vya tumbo. Kisha Talib akaja ofisini kwetu Chake Chake, mtu mwenye adabu, macho yamemvimba, akamwomba Bi Mardhiya jambo moja tu: asije. Alisema kwamba baba yake akimwona Bi Mardhiya, roho itamtoka kabla ya wakati wake, na yeye Talib hataweza kujisamehe.

Bi Mardhiya alimuuliza kama mzee anapata maumivu. Talib akasema hapati usingizi. Akamuuliza kama wanampa mofini. Talib akasema hawezi kumpa, maana mofini hapewi mtu mwenye vidonda vya tumbo, na baba yake ana vidonda vya tumbo, wamekubaliana ukoo mzima. Nimefanya kazi ya takwimu muda mrefu, lakini sijawahi kuona hesabu iliyofungwa vizuri kiasi hicho kwa ubaya kiasi hicho.

Nataka msomaji aelewe alikuwa wapi mwenzetu siku zile. Kanuni yake ni kwamba habari ya ugonjwa ni ya mwenye ugonjwa. Kanuni yake nyengine ni kwamba huingii nyumba ya mtu bila kuitwa. Kanuni zote mbili aliziandika yeye, na katikati ya kanuni hizo alikuwemo rafiki yake amelala kwa ubavu, anauma shuka asisikike na mkewe. Bi Mardhiya hakula vizuri wiki ile. Kwa mara ya kwanza nilimwona akigombana na mashine ya kunakili, na mashine haikuwa na kosa.

Akaamua hivi: tutakwenda Chokocho, lakini hataingia mpaka aitwe. Atakaa karibu tu. Tuliliacha gari mbali, kwenye barabara kubwa, lisionekane, tukatembea. Njiani akachoka, miguu yake si ya zamani, akakaa kidogo kwenye baraza ya Mzee Kificho.

Kificho akatoka, amevaa msuli, ana mswaki mdomoni. Akamwona. Mswaki ukasimama. Bi Mardhiya akamwambia upesi kwamba anapumzika tu, hakuna jambo. Ni maneno yale yale ambayo amewaambia watu wote miaka yote, na hakuna aliyewahi kuyaamini. Kificho akaingia ndani akimwita mkewe kwa jina lake la utotoni. Bi Mardhiya, kwa kuogopa kuleta taharuki, akasimama akahamia nyumba ya pili. Nyumba ya pili wakamwona. Akahamia ya tatu, ili asiwasumbue wa pili. Nilimshika mkono nikamwomba asimame katikati ya njia asikae popote, lakini jua lilikuwa kali, na wa nyumba ya nne alishamletea kiti huku akimtaka radhi.

Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa unatakana radhi. Wake wenza wawili ambao hawakuwa wakipikiana hata maji walikaa mkeka mmoja wakishikana mikono. Mzee Kificho alirudisha majembe ya watu, mengine ya watu wa vijiji vya mbali. Muuza duka alitoka nje akawatangazia wateja kwamba mizani yake ina tabia fulani. Kijana mmoja wa kiume alimposa binti wa jirani hapo hapo uani, na baba wa binti, akidhani kwamba hana muda wa kufikiri, akakubali. Msikitini, imamu alipogeuka baada ya swala aliwakuta watu wa safu ya mbele wamekumbatiana, na yeye mwenyewe akaona si vibaya akiwaomba radhi kwa hotuba zake ndefu. Hiyo ndiyo radhi iliyopokewa kwa haraka kuliko zote.

Nyumba moja tu ilikuwa kimya. Nyumba ya Mzee Jaribu, iliyokatazwa kutamka neno hilo. Bi Mardhiya alikuwa sasa amesimama mbele yake, kwa sababu baraza zilikuwa zimemwishia, amejishika kichwa, anasema kwamba amewatia watu wazima wa shehia nzima katika sakarati ya mauti na yule mmoja anayemhitaji hawezi kumfikia. Alisema amekuwa mjinga maisha yake yote. Aliyasema hayo bila machozi, na hilo lilinitisha zaidi.

Kumbe mzee alikuwa macho. Tulisimuliwa baadaye na Bi Rahila. Kutoka kitandani kwake, dirisha likiwa wazi, alisikia vilio upande wa kulia, vilio upande wa kushoto, na Kificho akimwomba mtu msamaha kwa ajili ya embe za mwaka wa zamani sana. Akamuuliza mkewe nani kafa. Bi Rahila akasema hajafa mtu. Akamuuliza basi nani anakufa. Bi Rahila, ambaye alikuwa ameapishwa na Talib, alifikiri sana, kisha akajibu kwa ukweli wote alioruhusiwa: “Naona mtaa mzima, isipokuwa weye.”

Mzee Jaribu akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka Talib akaingia mbio akidhani ndiyo mwisho. Na hapo, baina ya kicheko na maumivu, akamwambia mwanawe maneno ambayo Talib ameniruhusu niyaandike kama yalivyo: “Mie nshaagana na nyie siku ya pancha. N'nakufa, n'najua, na mamako anajua, na hata paka anajua. Hii tabu ya kunificha ndiyo inayoniumiza. Mwiteni Bi Mardhiya.”

Talib alitoka mlangoni. Akamfanyia ishara kwa mkono aingie. Bi Mardhiya akapiga hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi na alikuwa ameitwa, kwa sababu yeye ni hivyo.

Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda kama anavyokaa siku zote, akaanza na swali ambalo amewafundisha wauguzi wote wa kisiwa hiki: anajua nini kuhusu ugonjwa wake. Mzee akasema anajua ni ini na halitengenezeki, na je, ile dawa ameileta au amekuja kuvunja mtaa tu. Dawa ilikuwa kwenye mkoba. Akamfundisha Bi Rahila kiasi, Talib akashika kikombe, mzee akanywa. Baada ya muda uso wake ukalegea kama nguo iliyotolewa kwenye kamba. Mashauri yote ambayo Kamati ya Maadili ingeyafanyia vikao viwili yalikwisha kabla birika halijachemka.

Bi Mardhiya akafunga mkoba, akainuka kuondoka, kama anavyoinuka siku zote. Ndipo Mzee Jaribu akamuuliza anakwenda wapi. Kabla hajajibiwa, mzee akamwambia kwamba katika nyumba hii hakuna tena wa kuambiwa kitu, wote wameshajua, kwa hiyo kazi yake imekwisha na sasa yeye ni mgeni, na mgeni hainuki kabla ya chai.

Akakaa. Bi Rahila akaleta chai ya mchaichai na mkate wa kumimina. Wakazungumza kuhusu ng'ombe wa fulani aliyekula muhogo wa fulani, na kama kweli yule kijana atamuoa yule binti au kesho baba mtu atatafuta njia ya kujitoa. Mzee alilala, akaamka, akaongeza neno, akalala tena. Hakuna aliyemtazama Bi Mardhiya usoni isipokuwa kumuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Mimi nilimkumbusha kwamba jua linatua na gari liko mbali. Akaniambia ninywe chai yangu. Kikombe cha pili alikiomba mwenyewe, na sauti yake haikuwa ile ya kazini.

Mzee Jaribu aliishi mpaka karibu na Ramadhani. Alifariki nyumbani kwake, bila maumivu, Bi Rahila akiwa amemshika mkono, na Bi Mardhiya alikuwa akienda kila Alhamisi, mara nyingi bila mkoba.

Watu wa Chokocho, kwa upande wao, walituma ujumbe kituoni kulalamika kwamba hawakufa. Walitaka ofisi itoe tamko la kufuta radhi za siku ile, hasa posa na ile habari ya mizani. Kamati ilikaa, ikajibu kwamba radhi haina utaratibu wa kufutwa. Harusi ilifanyika mwezi wa Shawwal. Naambiwa maharusi wanaelewana vizuri.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, Bi Mardhiya, ahsante. Ahsante kwa wagonjwa walioondoka wakijua, na kwa jamaa walioweza kusema walichotaka kusema. Ahsante kwa wanafunzi wako, kwa ukali wako dhidi ya ripoti zisizo na tarehe, na kwa kutukataza kuwaita wagonjwa “kesi”. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, akulipe kheri, na akupe miaka mingi ya kukaa bila haraka.

Ijumaa baada ya swala unakula kwangu. Nimeshazungumza na mama mkwe tena. Asubuhi alinitaka radhi, nikampa, akaniambia basi mlete, ila akae upande wa mlangoni. Mke wangu anapika tangu Alhamisi, mtoto wetu wa mwisho ana meno mapya ya kukuonesha, na chai itakuwepo ya kutosha. Njoo mikono mitupu. Sisi sote wazima, na tunakungoja wewe tu.